Mchagua Jembe si Mkulima

Mara kwa mara naalikwa katika shule za sekondari kuzungumza na wanafunzi juu ya uandishi wa programu za kompyuta. Katika baadhi ya shule hizo mwalimu hunipeleka kwanza kwenye chumba kilichotiwa nondo madirishani. Ndani mna meza zilizopangwa vizuri, na juu ya meza hamna kitu. "Tunasubiri kompyuta, Daktari," huniambia. "Zikifika tutaanza." Wanafunzi nao husubiri, na wengine humaliza kidato cha nne wakiwa bado wanasubiri. Maoni yangu ni kwamba kusubiri huko ni kosa, na kwamba kunatokana na kutoijua vema meza ya mwandishi wa programu na zana zilizo juu yake.

Tuitazame basi meza hiyo. Ipo mashine yenyewe, pamoja na kioo chake na kibodi. Ndani ya mashine imo programu ya kuandikia matini ghafi, yaani maandishi matupu yasiyo na mapambo. Imo programu ya kuyatafsiri maandishi hayo yawe amri ambazo mashine inaweza kuzitekeleza. Na imo programu ya kutunza historia ya mabadiliko, ili mwandishi aliyekosea leo aweze kuirudia kazi yake ya jana. Ya aina hii ya mwisho inayotumika sana siku hizi ni Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Zana za aina zote tatu hupatikana bila malipo. Hatimaye, kando ya kibodi, pana daftari na penseli. Wageni hawavitilii maanani, lakini kazi yenyewe huanzia hapo.

Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1930, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini mwake kuifanya kazi hii kuwa riziki yao. Alipofunga ndoa mwaka 1957 alitaja kazi yake kuwa ni uandishi wa programu. Wakuu wa mji wa Amsterdam wakakataa kuiandika, kwa kuwa kwao hapakuwa na kazi kama hiyo. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amebuni mbinu ya kutafuta njia fupi kuliko zote kati ya miji miwili. Aliibuni kwa dakika 20 hivi, akiwa ameketi mkahawani na mchumba wake, bila mashine, wala penseli, wala karatasi. Aliichapisha mwaka 1959, nayo hufundishwa vyuoni hadi leo. Maishani mwake aliandika makala zaidi ya 1,300, nyingi kwa mkono na kalamu ya wino, akawapelekea wenzake nakala. Mwaka 1972 alipewa tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta.

Mwalimu atauliza: daftari litafundisha nini? Tuchukue mfano. Tunataka kupata namba iliyo kubwa kuliko zote katika orodha ya alama: 41, 67, 38, 72, 55. Mwanafunzi anaandika hatua zake. Weka 0 katika kisanduku kiitwacho "kubwa". Soma namba inayofuata. Ikiwa inazidi iliyomo kisandukuni, iweke mahali pake. Rudia hadi orodha iishe. Kisha anachora jedwali na kuzifuata hatua hizo kwa penseli: kisandukuni mtakuwa na 0, 41, 67, 67, 72, 72. Jibu ni sahihi. Sasa mpe halijoto tatu, tuseme zimepimwa usiku karibu na kilele cha Kilimanjaro: -4, -9, -2. Kisanduku kitabaki na 0, namba ambayo haimo kabisa katika orodha. Kosa limo katika hatua ya kwanza: ilipasa kuanza na namba ya kwanza ya orodha, si 0. Mwanafunzi aliyeligundua kosa hilo amekwisha kuianza kazi ya uandishi wa programu, japo hajagusa kibodi.

Nami sikulijua hilo mapema. Nilipokuwa nikisomea udaktari ng'ambo nilipewa meza yenye vioo viwili na mashine yenye nguvu kuliko zote nilizowahi kutumia. Programu yangu ilipotoa majibu yasiyo sahihi, niliketi mbele ya vioo hivyo siku mbili, nikibadilisha hiki na kile na kuiendesha upya. Siku ya tatu umeme wa jengo ulikatwa kwa matengenezo, nikahamia dirishani na daftari. Nilichora jedwali, na kabla ya robo saa kwisha nikaona kwamba nilihesabu kuanzia 1, ilhali lugha niliyoitumia huhesabu kuanzia 0. Wepesi wa mashine ulikuwa umenizoesha kubahatisha.

La hasha, sidai kwamba shule hazihitaji kompyuta. Mwanafunzi akiruka hatua kwa kudhani kuwa inaeleweka, karatasi haitalalamika. Mashine itakataa, au itatoa jibu la ajabu. Isitoshe, hakuna mwenye subira ya kufuata kwa mkono orodha ya namba 10,000. Kwa hiyo madai ya vifaa yaendelee, na wanaohusika wasiifanye makala hii kisingizio cha kuyapuuza. Ninaloupinga ni utaratibu wa kununua kwanza na kufikiri baadaye. Shule yenye kompyuta moja na madaftari 40 yaliyojaa majedwali imeitangulia shule yenye kompyuta 40 ambako wanafunzi hukariri tu majina ya sehemu za mashine.

Nawashauri walimu watenge kipindi kimoja kwa juma, tangu muhula huu. Mwanafunzi mmoja aandike hatua, jirani yake azifuate kama mashine, asiongeze lolote wala kupunguza, kisha wabadilishane. Kila kosa liandikwe daftarini pamoja na tarehe yake na sababu yake. Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Siku kompyuta zitakapofika katika chumba kile chenye nondo, ziwakute wanafunzi ambao tayari wanajua la kuziamuru.