KOLAJENI YA UNGA NA SUPU YA MAKONGORO: USIUZIWE MBUZI KWENYE GUNIA (Sehemu ya 4)

Mama zangu wa Nduruma, leo nawasema wauza kolajeni ya unga humu mtandaoni. Wakinuna wanune.

Kolajeni ni protini inayoshikilia ngozi, mifupa na mishipa ya damu. Ndani yake kuna asidi ya amino inaitwa haidroksiprolini, ndiyo inayozifanya nyuzi zake zikaze. Muuzaji anakwambia "kunywa, inaenda moja kwa moja kwenye ngozi". Uongo! Ukiinywa, inameng'enywa kama maharage tu. Na haidroksiprolini uliyoinywa haipachikwi tena kwenye kolajeni mpya. Mwili unaanza na prolini ya kawaida, ambayo unaweza kuitengeneza wenyewe, halafu unaigeuza hukohuko ndani, na hapo lazima vitamini C iwepo. Ikikosekana muda mrefu fizi zinavuja damu, vidonda havifungi. Kiseyeye hicho. Sasa hiyo vitamini C iko kwenye mapera yanayoozea chini ya mti wako, na wewe unatafuta hela ya kopo!

Haya, makongoro. Mzazi aliyetoka kujifungua simkatazi supu, na mtori pia anywe. Ninachogombana nacho ni hii ya mtoto wa miezi nane kupewa supu tupu asubuhi na jioni eti "ina protini yote". Haina. Kolajeni haina kabisa triptofani, asidi ya amino ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Mtoto huyo anataka yai, dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa, maziwa. Hata loshoro laini la bibi yake linamfaa kuliko hayo maji ya kwato.

Na maji yenyewe jamani! Huku chini ya Mlima Meru tunajua floraidi inavyofanya meno ya watoto wetu kuwa ya kahawia. Ukichemsha mifupa nusu siku, maji yanapungua, floraidi inabaki sufuriani. Mifupa nayo huhifadhi floraidi ambayo ng'ombe amekunywa maisha yake yote. Halafu mtu anatia na magadi ili ilainike haraka! Chakula cha mtoto kipikwe kwa maji ya mvua kama unayo, na magadi weka mbali.

Ukija kliniki usinionyeshe picha ya kopo kwenye simu. Niambie mtoto jana alikula nini.