SEHEMU YA 4: Kadi ya WiFi, sipiyu ya zamani na mtoto anayetambaa

Tunaendelea na usalama wa mtoto nyumbani. Jiko tumelimaliza, dawa tumezimaliza, ndoo za maji tumezimaliza. Leo naingia mahali ambapo hamjazoea kumwona nesi: WiFi ya nyumbani.

Inboksi imejaa swali moja lenye sura nyingi. Shemeji ana kompyuta ya mezani ya zamani. Anataka kununua kadi ya WiFi, aichomeke humo, kompyuta igeuke akses pointi ya kugawa intaneti nyumba nzima. Mama anauliza: "Nesi, mionzi haitamdhuru mwanangu?"

Tuanze hapo. Mawimbi ya WiFi si eksirei. Eksirei ina nishati ya kuvunja vinasaba, mawimbi ya redio hayana. Ni kweli mwaka 2011 IARC, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani, iliyaweka mawimbi ya redio kundi la 2B. Ila anayekutumia ujumbe huo WhatsApp hakumalizii habari: hilo ni kundi la "huenda", la vitu ambavyo ushahidi wake ni haba. Hata dondoo la jani zima la mshubiri limo humo. Kadi ya kawaida kwenye GHz 2.4 hurusha kama wati 0.1 hivi, na ukienda mbali mara mbili, nguvu inayokufikia inabaki robo. Isikae kichwani pa kitanda cha mtoto, iwe sebuleni juu, inatosha.

Sasa sikieni maoni yangu. Hofu ya mionzi inatusahaulisha hatari zinazoonekana kwa macho. Na kadi ya WiFi isichaguliwe na anayejua kompyuta peke yake. Anayeshinda na mtoto nyumbani ndiye awe na neno la mwisho. Kabla pesa haijatoka, mama uliza haya.

Moja: sipiyu itakaa wapi? Mafundi wa nyumbani wanapenda kuiacha wazi ubavuni "ipate hewa". Mtoto wa miezi 9 anatia kidole popote penye tundu, na feni inazunguka humo. Kifuniko kifungwe kwa skrubu, na ekstensheni iwe juu asikoifikia. Kwa sababu hiyohiyo mimi nachagua kadi ya kuchomeka ndani, ile ya PCI Express, kuliko ya USB inayoning'inia kama peremende. Kinachoning'inia kitavutwa, na kikivutwa kitaenda mdomoni.

Mbili: hiyo kadi inaweza kugawa, au inapokea tu? Si kila kadi inayopokea WiFi inaweza kuigawa vizuri. Kama kompyuta inatumia Linux, fundi aandike amri ya iw list, na kwenye orodha ya kazi za kadi lionekane neno AP. Lisipokuwepo, arudishe dukani. Kadi za chipu za zamani za Atheros zinasifika kwa kazi hii. Kadi nyingi za Intel, nzuri kwenye laptopu, hukataa kugawa kwenye GHz 5. Msidanganywe na wingi wa antena wala namba kubwa kwenye boksi. GHz 2.4 inapenya kuta vizuri zaidi, GHz 5 ina kasi ila haifiki mbali. Nyumba ya vyumba viwili vitatu, 2.4 iliyotulia inawatosha.

Tatu: umeme je? Kompyuta inayokula wati 60 ikiwaka saa 24 inamaliza uniti 1.44 kwa siku, karibu 43 kwa mwezi. Ruta ndogo ya wati 10 inamaliza kama 7. Ukiwa kwenye tarifa D1 ya TANESCO, ambayo ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, hiyo kompyuta peke yake imekula zaidi ya nusu. Friji na pasi vitagawana nini?

Nne, na hili ndilo kubwa: nani anashika ufunguo? Shemeji atasema kompyuta inampa uwezo wa kuzima intaneti kwa saa na kufungia kifaa kimoja kimoja. Ana hoja, tena nzuri. WHO mwaka 2019 walisema mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Lakini uwezo huo ukiwa kichwani kwa baba, na baba yuko safarini, mama utaufanyia nini saa mbili usiku mtoto akililia katuni? Akufundishe kuzima, kuwasha na kubadili paswedi, aandike kwenye karatasi muibandike ndani ya kabati. Ulinzi uwe WPA2 au WPA3, na aweke DNS ya 1.1.1.3 ya Cloudflare, ni bure na inazuia tovuti za ngono.

Majibu yote manne yakiwa mazuri, nunueni kadi kwa amani. Moja likiyumba, hasa la nne, mimi nasema nunueni ruta ndogo iliyo tayari, na ile kompyuta wakubwa waitumie kusomea. Baba asione kama kashindwa. Mtandao mzuri kwenye nyumba yenye mtoto ni ule ambao mama anaweza kuuzima bila kumpigia mtu simu.

Mtag shemeji asome mwenyewe. Swali lako liache hapo chini, najibu nikitoka zamu. Sehemu ya 5 ni betri zile ndogo za duara za rimoti na midoli. Hiyo msiikose jamani, ile ikimezwa ni dharura ya kukimbiza mtoto hospitali saa hiyohiyo.