Miradi ya Pwani ya Kusini Yahitaji Utaratibu Mmoja

Apitaye barabara ya kutoka Likoni hadi Lungalunga huviona vibao vingi kando ya malango ya shule, zahanati na visima. Kibao hutaja jina la mfadhili, aghalabu kwa herufi kubwa, na mara nyingine gharama ya kazi. Ni nadra kibao kumwambia msomaji ni nani atakayenunua kufuli au vali mwaka wa tatu, mfadhili akisha kwenda zake. Kwa maoni yangu, swali hilo lisilojibiwa huzidhuru kazi za maendeleo Kwale kuliko uhaba wa fedha wenyewe, na dawa yake ni kuwa na utaratibu mmoja sanifu wa kuendesha miradi, unaojulikana na wote na kufuatwa na wote.

Nianze na neno lenyewe, kwani ndiyo kazi yangu. "Mradi" limetokana na neno la Kiarabu murad, yaani jambo lililokusudiwa. Nduguze ni "almuradi" na "ili mradi", ambayo tunayatumia kila siku bila kuukumbuka ukoo wake. Asili ya mradi, basi, ni kusudio. Lakini hebu msomaji asikilize barazani: chifu huambiwa kwamba "mradi umeharibika", na kinachomaanishwa ni pampu. Neno tumelihamisha kutoka kwenye nia hadi kwenye chuma. Chuma kikisha kusimikwa tunapiga makofi na kudhani tumemaliza, ilhali kusudio la kuwapa watu maji safi kwa miaka ishirini ndiyo kwanza linaanza.

Taratibu sanifu za kusimamia miradi ziko nyingi duniani. Shirika la misaada la Marekani lilianza kutumia jedwali lake la malengo na vigezo mnamo 1969. Wajerumani walikuja na utaratibu wao wa kupanga kwa kufuata malengo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Serikali ya Uingereza ilitoa wake uitwao PRINCE mwaka 1989, ukafanyiwa marekebisho na kuitwa PRINCE2 mwaka 1996. Majina yasitutishe. Zote huuliza maswali yale yale: Kusudio ni nini? Nani mwenye mradi? Nani ana idhini ya kubadili mpango au kuongeza gharama? Kazi itagawanywa katika hatua zipi, na kila hatua itakaguliwa kwa kigezo gani kabla ya nyingine kuanza? Mradi utafungwa vipi, na atakabidhiwa nani?

Walimu hawana sababu ya kuliona jambo hili geni. Azimio la kazi, andalio la somo na rekodi ya kazi ni nini kama si utaratibu sanifu? Mwalimu ahamishwapo kutoka Kinango kwenda Msambweni, huikuta rekodi ya kazi mezani, akajua darasa limefika wapi, akaendelea. Hakuna anayelalamika kwamba maazimio ya kazi yanamnyima mwalimu ubunifu. Ajabu ni kwamba shule hiyo hiyo, inapojenga maabara, huanza na harambee na mkandarasi, na karatasi hutafutwa siku ya ugomvi.

Tunao mfano wetu wenyewe, nao ni wa kujivunia. Mwaka 1983, mwaka ule ule ambao serikali ilianza mpango wa kuifanya wilaya kuwa kitovu cha maendeleo ya mashambani, pwani ya kusini ilichaguliwa kuwa mahali pa kufanyia majaribio ya pampu za mkono chini ya Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia, na baadaye Uswidi ikatoa msaada wa kuieneza kazi hiyo. Mwanzoni lilikuwa jambo la wahandisi: kuchimba, kusimika, kupima. Vijiji vilitazama tu. Ndipo likaitwa shirika la Kenya la KWAHO ili lizungumze na wanavijiji, na hapo mpangilio wa hatua ukabadilika. Kamati ya maji ikatangulia pampu. Akaunti ya benki ikafunguliwa na michango ikakusanywa. Wanawake, ambao ndio waliokuwa wakibeba ndoo, wakapewa nafasi za kamati, hasa ile ya mweka hazina, na wakafunzwa kuifungua na kuitengeneza pampu wao wenyewe.

Pampu nayo ilisanifiwa. Afridev, iliyoanzia katika majaribio ya Malawi na kuendelezwa hapa Kenya, ilibuniwa ili iweze kufunguliwa kwa spana moja. Michoro yake haikufungiwa na kampuni yoyote. Karakana yoyote yenye uwezo yaweza kuitengeneza, na kifaa kilichonunuliwa Ukunda chapaswa kuingia katika pampu ya Vanga bila kuchongwa. Utaratibu uliofaulu katika vijiji vya kwanza ukarudiwa kijiji baada ya kijiji, kwa hatua zile zile, hata wilaya ikawa mahali pa kuja kujifunza. Huo ndio unufaikaji wa kwanza wa usanifu: ujuzi haukufa afisa alipohamishwa.

Sitaki kupaka rangi. Miaka ilipopita, kamati nyingi zililegea, michango ikakauka, na pampu kadhaa zikawa vigingi vya kufungia mbuzi. Utaratibu ulikuwa na pengo: ulidhani kijiji kimoja kingeweza kubeba peke yake, milele, mzigo wa matengenezo makubwa. Lakini tazama pengo hilo lilivyogunduliwa. Kwa kuwa pampu zilikuwa za aina moja na kamati nyingi zilikuwa zimeweka daftari za malipo tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na wenzao wa Kenya, waliweza kulinganisha kisima na kisima na kuona wapi fedha zilikatika. Tangu 2014 mafundi wa FundiFix wamekuwa wakitoa huduma ya matengenezo Kwale kwa malipo madogo ya kila mwezi kutoka kwa vijiji, ili mzigo ugawanywe miongoni mwa wengi. Kosa lililoandikwa hurekebishika. Lisiloandikwa hurudiwa na mfadhili anayefuata, kwa nia njema kabisa.

Kuna wasemao kwamba taratibu hizi ni za kigeni na zitaua desturi zetu za kushirikiana. Hoja hii naijua vizuri kutoka katika taaluma yangu. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi 1930. Wamvita walinung'unika, na walikuwa na haki, kwani fasihi yao ilikuwa kongwe na tukufu. Hata hivyo Kivumba bado chasemwa Wasini na Vanga, na Chifundi bado chasikika Shimoni. Usanifu ni wa pale ambapo watu wasiojuana wanalazimika kuelewana: mtahini na mtahiniwa, mkandarasi na mzazi, kaunti na kijiji. Mweri wa kulima wa Wadigo, na utani wake, utabaki wa wenyewe.

Ila hapo nina lalamiko. Mipango ya miaka mitano ya kaunti huandikwa kwa Kiingereza kizito, kisha maoni ya wananchi hutafutwa barazani kwa Kidigo, Kiduruma na Kiswahili. Mweka hazina asiyeweza kuisoma bajeti hawezi kuilinda. Utaratibu sanifu usiokuwa katika lugha ya wanaousimamia ni fomu tu za kujaziwa na wengine. (Utaratibu, nikiri, hauzuii wizi, lakini humwacha mwizi na nyayo.)

Suala hili si la nadharia. Sheria ya 2015 ya hazina ya maeneo bunge iliweka kamati za kusimamia miradi, na madarasa mengi ya shule za msingi na upili yalijengwa chini yake. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria hiyo inakiuka Katiba, na kuipa hazina muda hadi tarehe 30 Juni 2026. Vyovyote iwavyo hatima yake, darasa lililofika kwenye lenta linaweza tu kupokewa na mwingine iwapo lina faili: michoro, hati ya ardhi, fedha zilizolipwa, kazi iliyosalia. Na huko Maumba na Nguluku, uchimbaji madini wa Base Titanium, uliosafirisha shehena yake ya kwanza Februari 2014, ulikoma Desemba 2024. Maswali juu ya ardhi, ajira na ufadhili wa masomo yalizuka tena kwa nguvu, kwa sababu hatua ya kufunga mradi ndiyo ambayo wanavijiji huzungumziwa kidogo zaidi siku ya kuufungua.

Ningependekeza tuanze padogo. Kila shule ya Diani, Msambweni, Matuga na Kinango iwe na karatasi moja ya Kiswahili kwa kila kazi inayoendelea: kusudio, mwenye mradi, hatua, kigezo cha kila hatua, fedha zilizoingia na kutoka, na jina la cheo kitakachobeba matengenezo. Ibandikwe ukutani na isomwe kila muhula katika mkutano wa wazazi. Wanafunzi, ambao mtaala ulioanza 2019 unawataka watekeleze miradi yao, wapewe kazi ya kuiandika upya kila mwaka. Waanze na tangi la maji la shuleni, kwa kumuuliza mwalimu mkuu ni nani aliyelisafisha mara ya mwisho.