Mpimeni Mhandisi, Msipime Mihuri Yake

Tarehe 13 Machi 2025 kampuni ya Alphamin ilitangaza kusimamisha kazi katika mgodi wake wa bati wa Bisie, wilayani Walikale, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Congo, kwa sababu waasi wa M23 walikuwa wanakaribia. Siku chache baadaye mji wa Walikale ukatekwa. Mgodi huo peke yake hutoa takriban asilimia 6 ya bati linalochimbwa duniani, kwa hiyo bei ikapanda mara moja katika soko la London. Aprili waasi waliondoka mjini na kazi ikarejea hatua kwa hatua. Mkasa huo uliandikwa sana kwa hesabu ya tani na dola. Kilichoandikwa kidogo ni habari za wenye taaluma ambao vita vya Walikale na vya wilaya jirani ya Masisi vimewatoa makwao.

Yaliyotokea Masisi ni mazito zaidi. Rubaya, ambako inakadiriwa hutoka asilimia 15 ya koltani ya dunia, iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Masisi mjini ikafuata Januari 2025, na kabla mwezi huo haujaisha Goma nayo ikatekwa. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Uganda inahifadhi zaidi ya nusu milioni ya wakimbizi wa Congo, na si wote walioacha shamba au ng'ombe. Wamo waliosomea ujenzi, umeme na madini katika vyuo vya Goma, Bukavu na Lubumbashi. Huko Kampala, katika mitaa kama Katwe na Nsambya, mtu aliyewahi kukokotoa mzigo wa daraja anaweza kuwa anachuuza vitenge begani kama jirani yake ambaye hakuwahi kukanyaga chuo.

Swali ni hili: je, Uganda, Kenya na Tanzania zimpokee mtu huyu kama mhandisi, au aanze upya? Wapo wanaosema apokewe kwa kuwa ni ndugu wa Afrika Mashariki na ameteseka vya kutosha. Wapo wanaosema taaluma inayogusa uhai wa watu haitolewi kwa huruma. Mimi nasema bodi za wahandisi zina haki kamili ya kumpima. Zisichokuwa nacho ni haki ya kukataa kumpima.

Ukisoma sheria, utadhani mambo yamekwisha. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na hata kazi ya taaluma yake, ila kwa sharti kwamba sifa zake zitambuliwe na mamlaka husika. Kenya ilipitisha sheria yake mpya ya wakimbizi mwaka 2021. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na vya taaluma. Mwaka 2012 wahandisi wa Kenya, Uganda na Tanzania wakasaini makubaliano yao ya kutambuana, na Rwanda ikajiunga baadaye. Congo ilipoingia katika Jumuiya mwaka 2022, iliyakuta makubaliano hayo yamekwisha kuandikwa na wengine. Kupandisha bendera kwenye makao ya Jumuiya huko Arusha hakumsajili mhandisi wa Masisi mjini Kampala.

Kikwazo cha kwanza ni karatasi. Nchini Congo mhitimu hupewa kwanza hati ya kufaulu na orodha ya alama zake. Shahada yenyewe husubiri kuidhinishwa na wizara mjini Kinshasa, na kungoja huko kunaweza kula miaka. Wengi huajiriwa na kufanya kazi muda mrefu kabla ya kuishika mkononi. Vita vikija, mtu hukimbia na hati ile ya muda, tena kama ameiwahi. Akifika Kampala huambiwa alete shahada halisi, tafsiri iliyothibitishwa, na barua ya chuo. Chuo kiko Goma chini ya waasi, na wizara iko Kinshasa, upande wa pili wa mstari wa mapigano. Kila ofisi inadai haki yake, na mtu mmoja ndiye anayekwama katikati.

Hata shahada ikipatikana, msomaji wake anaweza kuikosea. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2021–2022 vyuo vya Congo vilihamia kwa jumla katika mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta na udaktari. Lisansi ya zamani ilimaliza miaka mitano ya chuo, ilhali ya sasa ni ya miaka mitatu. Karani wa Kampala mwenye vyeti viwili mezani, vyenye jina moja na uzito tofauti, atachagua njia salama kwake, yaani kuvirudisha vyote.

Tusiwafanye wenye bodi kuwa watu wabaya. Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, na kuua watu wapatao 50. Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, Dar es Salaam, likaua zaidi ya 20. Ni kwa kuhofia maafa ya namna hiyo Kenya, kwa Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, imefanya kuwa kosa mtu kujiita mhandisi bila kusajiliwa. Wala ukali huo haukuwalenga wageni peke yao. Wahitimu zaidi ya 100 waliosomea uhandisi katika vyuo vya Kenya kwenyewe walinyimwa usajili, na kesi yao ikafika hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Ikiwa mwana wa nyumbani alilazimika kwenda mahakamani, mgeni asitarajie kubebwa mgongoni.

Lakini usalama wa umma haulindwi na mihuri. Tuchukue zege. Mhandisi aliyefundishwa kwa kanuni za Kifaransa za BAEL hupima nguvu ya zege kwa silinda yenye kipenyo cha sentimita 16 na urefu wa sentimita 32, iliyokaa siku 28. Mwenzake aliyelelewa katika kanuni ya Kiingereza, BS 8110, huimimina zege ile ile katika kasha la mchemraba wa sentimita 15 kila upande. Saruji ni ile ile, kokoto ni zile zile, siku ni zile zile. Hata hivyo silinda ikivunjika kwenye megapaskali 25, mchemraba huvunjika kwenye 30 hivi. Asiyeijua tofauti hiyo ataona 30 kwenye mchoro wa Kampala na kuitia katika hesabu zake kana kwamba ni ya silinda. Nguzo itatoka dhaifu kuliko alivyoikadiria.

Kosa hilo linaweza kuua. Vilevile ni kosa linalofundishika asubuhi moja, na swali moja la mtihani linatosha kulifichua. Muhuri wa Kinshasa haulifichui kamwe, hata ukigongwa mara kumi. Isitoshe, Uingereza wenyewe waliiacha BS 8110 mwaka 2010 na kuhamia kanuni za Ulaya, ambazo huandika namba zote mbili, ya silinda na ya mchemraba, bega kwa bega. Mkongo na mwenyeji wake wote wana cha kujifunza.

Sasa tugeuze macho upande wa Walikale. Bisie haikukosa wahandisi wa kigeni. Waliletwa na kampuni, wengine kutoka Afrika Kusini, nchi iliyoingia mwaka 1999 katika Mkataba wa Washington wa kutambuana shahada za uhandisi. Mtu wa namna hiyo hupanda ndege akiwa na mkataba wa kazi, na karatasi za kibali hushughulikiwa na mwajiri. Mwaka 2025 zaidi ya nusu ya hisa za Alphamin zilihamia kwa kampuni ya IRH ya Abu Dhabi, na hakuna aliyezuia biashara hiyo kwa kuwa mnunuzi hajui Kifaransa. Tofauti kati ya mhandisi wa Johannesburg anayefanya kazi Walikale na mhandisi wa Walikale anayekaa bure Kampala haimo katika hesabu wanazozijua peke yake. Wa kwanza aliitwa na mwajiri, wa pili alifukuzwa na risasi. Mfumo wetu wa vibali umejengwa kwa ajili ya yule aliyeitwa.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya vijana wa Kampala na Nairobi: sisi wenyewe tunazunguka na bahasha za kaki, vipi milango ifunguliwe kwa wengine? Kilio chao ni cha kweli. Ila mtihani wa bodi haugawi kazi, unathibitisha uwezo. Asiyesajiliwa hatoweki sokoni. Hufanya kazi ile ile gizani, akichora ramani ambazo mwingine anazitia saini, kwa malipo ya kibarua. Huyo ndiye anayeshusha ujira wa kijana mwenyeji, na jengo likianguka hatapatikana wa kuulizwa.

Pingamizi ya pili inatoka Congo: mkiwapa kazi huko, nani atarudi kuijenga barabara ya Sake hadi Masisi, ambayo mvua ikinyesha malori hulala humo? Najibu kwamba mhandisi anayechuuza vitenge kwa miaka kumi amekwisha kupotea, hata akirudi. Mkono wake umesahau, kanuni zimebadilika, na jina lake halimo katika mradi wowote. Aliyefanya kazi barabarani Uganda au kwenye jengo la Nairobi atarudi na uzoefu wa mashine, wa mikataba na wa maabara. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenyeji aliyelificha jembe asimlaumu mgeni kwa kukaa kivulini.

Njia za kufuata zipo, na zimekwisha kujaribiwa kwingine. UNESCO ina hati maalumu ya sifa kwa wakimbizi, iliyojaribiwa Zambia, ambapo aliyepoteza vyeti huhojiwa na wataalamu na elimu yake kukadiriwa. Canada ilianza mwaka 2018 mpango wa majaribio wa kuwachukua wakimbizi kwa ujuzi wao, wakiwemo walioko Kenya. Tanzania ina mpango wa SEAP wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambao humweka mhitimu kazini chini ya mhandisi mzoefu kabla ya kumsajili. Mpango wa namna hiyo ungemfaa sana Mkongo: aingie kama mhandisi mhitimu, aandike kumbukumbu za kazi zake, asimamiwe, kisha apimwe.

Kwa hiyo madai yangu ni matatu. Bodi za Uganda, Kenya na Tanzania ziandae mtihani kwa wahandisi waliokimbia vita, na hati ya kufaulu pamoja na orodha ya alama zitoshe kumwingiza mtu katika chumba cha mtihani. Kinshasa iweke orodha ya wahitimu wake mahali ambapo bodi ya nchi jirani inaweza kuihakiki bila mhitimu kusafiri, na iombe kiti katika makubaliano ya mwaka 2012. Na waajiri wa Kampala na Nairobi waache kumtumia Mkongo kama mchoraji wa kivulini. Wamwajiri kwa jina lake, hata kama ni kwa ngazi ya fundi sanifu kwanza.

Nawe mhandisi uliyeko Nsambya au Kayole ya Nairobi, usingoje siku mataifa yatakapopatana. Jifunze Kiingereza cha kazi, maana michoro na mikataba ya huku imeandikwa kwacho. Ijue BS 8110 hata kama imezeeka, kwa kuwa ofisi nyingi bado zinaitumia. Omba mihtasari ya masomo kwa walimu wako wangali wanapatikana, na weka nakala ya kila hati mahali pasipoungua. Kuanza kama fundi sanifu si fedheha, mradi usikubali kuishia hapo.

Kwa wenye bodi nina ombi moja. Mwiteni katika chumba cha mtihani. Akishindwa, mwonyesheni aliposhindwa na tarehe ya kurudia. Akishinda, mpeni namba yake ya usajili aende kazini.