Daftari la Saa Zetu

Nina neno moja juu ya kazi za shule yetu, nami naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla ya kunihukumu.

Katika shule hii kila kazi ina mkuu wake. Kiranja wa shamba ana orodha yake, wa usafi ana yake, wa michezo ana yake, na kwaya na Skauti vivyo hivyo. Kila mmoja ni mwangalifu, lakini hakuna anayeitazama orodha ya mwenzake. Basi hutokea kwamba mwanafunzi mmoja anatakiwa shambani, kisimani na uwanjani kwa saa ile ile, na popote asipofika huandikwa mtoro. Mwenzake, ambaye hakuna aliyemkumbuka, amelala bwenini.

Rai yangu ni hii: shule iwe na daftari moja la saa. Kila mwanafunzi awe na mstari wake, na kila kazi, iwe ya kiranja yeyote, iandikwe katika mstari huo kabla haijaanza, kisha ziandikwe saa ilizochukua hasa.

Tufanye hesabu kidogo. Masomo ya mchana ni vipindi 8 vya dakika 40, yaani saa 26 na dakika 40 kwa juma. Masomo ya usiku ni saa 2 kwa siku 5, yaani saa 10. Kutoka saa 9 alasiri mpaka saa 12 jioni ni saa 3. Ukitoa saa 1 ya kuoga, kufua na kula, zabaki 2, ambazo kwa juma ni 10. Jumla ni saa 46 na dakika 40. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka saa 45 kwa juma kuwa mwisho wa kazi ya kawaida ya mwajiriwa. Sisi si waajiriwa, wala sidai mshahara. Naonyesha tu kwamba mtungi umekwisha jaa.

Sasa tuseme kidato kina wanafunzi 40. Saa zao za kazi za mikono na michezo ni 400 kwa juma. Tuseme viranja wamepanga hivi: shamba saa 160, usafi 120, maji na kuni 100, michezo 80, maandalizi ya mahafali 60. Hakuna aliyetaka makubwa, lakini jumla yake ni 520. Zile saa 120 zilizozidi zatoka wapi? Zatoka katika masomo ya usiku na katika usingizi, na mlipaji ni yule msikivu asiyejua kukataa. Mtihani wa Taifa hautamwuliza alichota madumu mangapi.

Jambo hili si geni duniani. Henry Gantt, mhandisi Mmarekani aliyefariki mwaka 1919, alijulikana kwa kuchora kazi za viwandani katika jedwali: majira yamepangwa kwa safu, na kila kazi ina mstari wake tangu siku ya kuanza mpaka siku ya kwisha. Mtazamaji huona mara moja mahali kazi zimerundikana. Nasi twaweza kuchora jedwali kama hilo ubaoni mwanzo wa muhula. Tukiona mavuno na mahafali yameangukia juma moja, basi matayarisho ya mahafali yaanze mapema, badala ya kuwakesha watu.

Wako watakaosema kwamba nakimbia jembe. La hasha! Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule ziwe na mashamba. Lakini alitaka pia wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua mambo ya kazi hizo. Mtu hawezi kupanga asichokihesabu.

Wengine wataogopa kwamba daftari litakuwa fimbo. Hofu hiyo ina haki, maana daftari likitumiwa kwa kuadhibu tu, watu wataandika uongo. Kwa hiyo lisomwe kwanza kwa kumpumzisha aliyezidishiwa, ndipo aitwe aliyesahauliwa. Tena saa ya kuchota maji juani si sawa na saa ya kupanga viti ukumbini, basi zamu nazo zizunguke.

Gharama yake ni ndogo. Wanafunzi wawili, wanaobadilishwa kila mwezi, waweza kulitunza, na mwalimu wa zamu alitie sahihi kila Jumamosi. Kiranja anayetaka watu alifungue kwanza. Akikuta saa za mtu zimekwisha, amtafute mwingine au aahirishe kazi. Tulijaribu kwa kidato kimoja na muhula mmoja tu, kisha shule nzima iamue.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanafunzi hana ng'ombe wala duka. Mali yake ni saa zake. Walimu na viranja wetu, twawaomba mzihesabu kabla hamjazitumia.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu