Matungulu Nyuma ya Nyumba

Wasomaji wetu, ni nani kwenu asiyeyajua matungulu, yale matunda mekundu yenye nyama nyeupe kali ambayo watoto wa Walikale hurudi nayo kutoka mwituni? Mmea wake ni ndugu wa tangawizi na iliki. Majani yake ni mabichi mwaka mzima, nayo yakipondwa hunukia. Ua lake halichanui juu. Huchomoza ardhini kando ya shina, hata mpita njia aweza kulikanyaga asilione.

Twasikitika kuona watu waking'oa shina zima na kulipanda juani, kisha wakasema kwamba mmea wa porini haukubali kufugwa. Sivyo! Huo ni mmea wa kivuli. Mvua zianzapo, chimbueni kipande cha mzizi mnene chenye macho mawili au matatu. Kikateni shina refu, maana mizizi michache haiwezi kulinywesha. Kifukieni chini kidogo tu, penye migomba, mkakifunike kwa majani yaliyooza. Kisha ngojeni; matunda hayaji upesi.

Kwenu Masisi, ambako msitu mwingi umefyekwa kwa ajili ya malisho na mashamba, upandeni bondeni. Mizizi yake hutambaa na kushikamana, ikauzuia ukingo wa kijito usimomonyoke. Ila msiupande kati ya maharagwe, kwani utayasonga.

Naye achimbaye mwituni Walikale aache sehemu kubwa ya kichaka pale pale. Gorila nao hupenda matungulu, kama watoto wetu.