Medali hazipo kwenye soka peke yake

Jumapili ya Julai 28, 2024, mashabiki wa soka nchini walikuwa na hesabu moja kichwani: siku sita kufika Simba Day, siku saba kufika Wiki ya Mwananchi. Siku hiyo hiyo jijini Paris, chini ya paa la vioo la Grand Palais, Mmarekani Lee Kiefer alikuwa anamchapa Mmarekani mwenzake Lauren Scruggs 15-6 kwenye fainali ya Olimpiki ya foili ya wanawake. Kwenye vibanda umiza vya Handeni na Korogwe, kama chaneli iliangukia huko kwa bahati mbaya, rimoti ilitafutwa haraka.

Haishangazi. Foili ni silaha mojawapo ya mchezo wa vitara, ule wa watu waliovaa nyeupe tupu na barakoa za wavu usoni. Kwa mtazamaji wa Kwamsisi, iwe ile ya Handeni au ile ya Korogwe, ukiutazama mara ya kwanza unaweza kudhani ni warina asali wawili wamegombana kwenye mzinga.

Tatizo linakuja baadaye. Shabiki huyo huyo, Olimpiki ikiisha, ndiye anayeuliza kwa sauti ya juu: medali zetu ziko wapi? Swali ni halali. Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki katika historia yake yote, fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, zote za Moscow 1980. Paris walikwenda wanamichezo saba: wanariadha wanne wa marathoni, waogeleaji wawili na mcheza judo mmoja. Walirudi mikono mitupu. Alphonce Simbu amefuta machozi kidogo kwa dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo Septemba 2025, tena kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, lakini hayo ni mashindano ya dunia ya riadha. Kabati la Olimpiki liko vilevile.

Sasa hesabu ya soka kwenye Olimpiki ni hii: medali za wanawake ni seti moja na za wanaume seti moja, basi. Afrika nzima inapewa nafasi mbili tu kwa upande wa wanawake, na Twiga Stars haijawahi kufika huko. Vitara vina silaha tatu, foili, epe na seba, na kila moja ina mchezaji mmoja mmoja na timu, wanawake na wanaume. Hiyo ni seti 12 za medali. Nchi inayoangalia goli peke yake inakuwa imesamehe mengine yote kabla refa hajapuliza filimbi.

Na huo mchezo wenyewe si mgeni kwa shabiki wa mpira kama anavyodhani. Wachezaji wawili wanapambana kwenye ukanda wa urefu wa mita 14. Anayefikisha pointi 15 kwanza ameshinda. Wasipofika, kuna vipindi vitatu vya dakika tatu tatu. Kwenye foili, pointi inapatikana kwenye kiwiliwili tu. Kichwa, mikono na miguu havihesabiki, ukigusa huko inawaka taa nyeupe, pambano linasimama na hakuna kitu. Ncha lazima ikandamize kwa uzito wa gramu 500, kupapasa hakutoshi.

Utamu uko hapa. Wote wawili wakigusana kwa wakati mmoja, taa zote zikawaka, anayepewa pointi ni yule aliyekuwa na haki ya kushambulia. Aliyeanza kushambulia anayo; mwenzake akikinga kitara, haki inahamia kwake. Ni kama timu mbili zimefunga kwa sekunde moja, kila moja kwenye lango la mwenzake, halafu refa anaamua bao lipi halali. Nani hapa nchini asiyejua ugomvi wa aina hiyo? Mchezaji ana ruhusa ya kudai picha za video zirudiwe, na vitara vilikuwa na video tangu Olimpiki ya Beijing 2008, miaka 10 kabla VAR haijaingia Kombe la Dunia. Kumbe waliokuwa wanabadilisha chaneli walikuwa wanaikimbia hoja yao wenyewe.

Wapo watakaosema huo ni mchezo wa wazungu wenye nafasi. Kwa muda mrefu ilikuwa hivyo, na kwa wanawake zaidi: foili iliingia Olimpiki kwa ajili yao mwaka 1924, na ndiyo silaha pekee waliyoruhusiwa mpaka epe ilipoongezwa mwaka 1996. Lakini Agosti 2016, Rio, Inès Boubakri wa Tunisia alimfunga Mrusi Aida Shanaeva 15-11 na kuchukua shaba ya foili. Hakuna mwanamke wa Afrika aliyekuwa amepata medali ya vitara kwenye Olimpiki kabla yake. Haikuja kwa miujiza. Ilikuwa Olimpiki yake ya tatu, ya kwanza alicheza Beijing mwaka 2008. Tunisia ilimvumilia miaka minane. Hapa kwetu kocha wa mpira akivumiliwa miezi minane anashukuru Mungu.

Mfano wa karibu zaidi uko Kenya. Alexandra Ndolo, baba Mkenya na mama Mpolandi, alizaliwa na kukulia Ujerumani. Silaha yake ni epe, ndugu yake foili. Julai 2022 alifika fainali ya ubingwa wa dunia jijini Cairo akiwa na jezi ya Ujerumani, akafungwa 11-10 na Song Sera wa Korea Kusini. Baada ya hapo, akiwa namba mbili wa dunia kwenye mashindano hayo, akaiacha Ujerumani na kuchukua bendera ya Kenya, nchi ambayo ilikuwa haijawahi kupeleka mcheza vitara Olimpiki. Mashabiki wa Taifa Stars wanaowajua Haji Mnoga na Tarryn Allarakhia wanaelewa maana ya mtu kurudi kwa asili ya wazazi. Tofauti ni kwamba Mnoga na Allarakhia walikuta shirikisho, makocha na mabasi. Ndolo alikuwa mmoja wa walioanzisha shirikisho lenyewe.

Aprili 2024 akashinda mashindano ya Afrika ya kufuzu jijini Algiers, na Paris akatolewa na Olena Kryvytska wa Ukraine 13-12. Pointi moja. Matokeo hayo hayakuwa na medali, lakini Kenya ilikuwa imepita mlango ambao Tanzania haijaugusa hata kitasa. Na nyuma ya Ndolo kuna watoto. Huruma, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Nairobi, Mburu Wanyoike ameanzisha klabu ya Tsavora Fencing Mtaani, ambapo vijana wa mtaani wanafundishwa kushika kitara. Hoja ya mchezo wa matajiri imejibiwa hapo.

Tanzania nayo ina ushahidi wake. Judo haikuzaliwa Zanzibar. Ilipandwa na Mjapani mmoja, Tsuyoshi Shimaoka, aliyeanza kuwafundisha vijana huko miaka ya 1990, na leo judo ni mmoja wa michezo mitatu iliyoipeleka nchi Paris. Mtu mmoja na vijana waliokubali kuangushwa.

Turudi Kwamsisi, maana huko ndiko suala linapouma. Mtoto wa kiume mwenye kipaji ana njia inayoonekana: UMITASHUMTA, UMISSETA, ligi ya wilaya, mkoa, na akibahatika anaonwa na klabu. Binti mwenye kasi, jicho na mkono mwepesi mara nyingi anawekwa netiboli. Netiboli ni mchezo mzuri na una heshima yake Jumuiya ya Madola. Lakini haupo Olimpiki. Maana yake binti huyo anaweza kuwa bora wa shule, wa wilaya, wa mkoa wa Tanga na wa taifa, na bado ngazi aliyopewa haifiki kule ambako shabiki anaulizia medali. Hakuna aliyemwambia. Wala hakuna aliyemwonyesha ngazi nyingine.

Vifaa vya vitara ni ghali, hilo halina ubishi. Kuna barakoa, makoti yenye nyuzi za chuma, waya na mashine ya taa. Mtu anayesema vigawiwe kila kata ya Handeni anatania, na kwa shule ambazo bado zinahangaikia mpira mmoja wa maana, utani huo haupendezi. Lakini sehemu moja ni jambo jingine. Korogwe kuna chuo cha ualimu na kuna shule ya sekondari ya wasichana. Malya, kule Kwimba, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo kinachoandaa walimu. Walimu wawili wakinolewa foili Malya, ukumbi mmoja ukatengwa Korogwe, na vifaa vikapatikana vya mabinti 12, hiyo ni gharama ambayo Baraza la Michezo la Taifa na Kamati ya Olimpiki wanaweza kukaa mezani kuijadili bila kutoa jasho. Makocha wapo Nairobi, safari ya basi. Mabinti wenyewe watafutwe kwenye mashindano ya shule, kati ya wale wa netiboli na mbio fupi, maana miguu inayorudi nyuma haraka na kusukuma mbele ghafla ndiyo foili inayoitaka.

Kuna hofu kwamba kila shilingi sasa ni ya AFCON 2027, ambayo Tanzania inaandaa pamoja na Kenya na Uganda. Viwanja lazima vikamilike, hilo lieleweke. Ila Kenya wanaandaa AFCON hiyo hiyo na vitara vyao havijafungwa kabatini.

Oktoba 31 hadi Novemba 13, 2026, Dakar inaandaa Olimpiki ya Vijana, mara ya kwanza michezo ya Olimpiki kufanyika Afrika. Vitara vimo kwenye ratiba. Kwenye vibanda umiza, rimoti ikipita hapo, iachwe dakika tisa tu, vipindi vitatu, mtu aone mabinti wa umri wa sekondari wanavyogombea haki ya kushambulia. Kwa Dakar Tanzania imechelewa, na Los Angeles 2028 iko karibu mno kwa anayeanza leo. Brisbane ni 2032. Binti wa Kwamsisi mwenye miaka 12 sasa, siku hiyo atakuwa na 18.